Ng'amba Aliyegawiwa Nyumba Saba

Mtoto alikuwa na miezi saba, na mimi ndiye niliyemwambia mama yake aendelee kumnyonyesha. Naanza na hilo kwa sababu wenzangu niliofanya nao kazi wakati ule, wakisimulia kisa hiki, huliruka kwa kunionea huruma.

Nilikuwa mwaka wa tatu Mafia. Nimezaliwa Njombe, kwenye baridi na viazi, na serikali iliponipangia kazi ya uuguzi kisiwani nilikuwa sijapata kuiona bahari hata kwa mbali. Niliwekwa wodi ya watoto. Hifadhi ya bahari ilikuwa imeshaanza; maboya yameshawekwa mipakani, makokoro, zile nyavu za kukokota, yameshachomwa moto mbele ya wenyewe, na askari wa hifadhi walikuwa na boti ya injini mbili iliyosikika kabla haijaonekana. Kumuua kasa lilikuwa kosa la kumpeleka mtu jela, na visiwani hakukuwa na asiyelijua hilo.

Hospitalini tulikuwa watu wachache, na hatukuwa wabaya. Lakini kila mmoja alikuwa na chumba chake. Daktari aliandika kwenye faili, sisi wauguzi tukasoma. Maabara ilipokea karatasi kwa kidirisha na kurudisha karatasi kwa kidirisha hichohicho. Bwana afya alikuwa na pikipiki yake na vyoo vyake vya kukagua. Na wodini kwetu kulikuwa na mhudumu mmoja, mwanamke mtu mzima mzaliwa wa kisiwa cha Juani, ng'ambo ya ghuba, aliyekuwa akipiga deki wodi ile tangu mimi niko shule ya msingi. Tulimwita Bibi. Asubuhi tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukamwonyesha palipochafuka.

Familia ile ililetwa Alhamisi alasiri kwa pikapu iliyowapakia ufukweni Utende. Walikuwa wanne: baba, mama, binti wa miaka kama mitano, na huyo wa miezi saba mgongoni. Walitoka kijiji kimoja cha Juani. Baba na mama walikuwa wakitapika tangu jana yake na midomo inawawaka. Binti alikuwa hatapiki tena. Alikuwa anasinzia. Ukimwita anafungua macho, anakutazama kidogo, anayafumba.

"Mlikula nini?" daktari aliuliza.

"Muhogo," alijibu baba.

"Na nini?"

"Muhogo na chai."

Alijibu upesi, macho yake ukutani. Daktari wetu, mtu wa Kilimanjaro, mwangalifu, alikuwa ameshawahi kuona watu waliodhuriwa na muhogo mchungu. Akaandika hivyo kwenye faili, na chini yake akaandika malaria na alama ya kuuliza. Tukawatundikia dripu. Damu ikaenda kidirishani. Baba alisema muhogo ulitoka Baleni, basi bwana afya akapelekewa ujumbe, akapanda pikipiki kwenda Baleni kuulizia muhogo.

Yule mdogo alikuwa mzima. Alikamata kidole changu na kukivuta kwenye fizi zake. Mama yake, msichana wa miaka ishirini na kitu, aliniita nikiwa narekebisha dripu.

"Sista, nimnyonyeshe?"

"Mnyonyeshe."

"Hata kama mwenyewe naumwa hivi?"

"Hata kama. Maziwa ya mama hayana ubaya. Ukimwachisha ndipo atakapodhoofu."

Nilisema kwa ile sauti ya kufundishia tuliyoizoea kliniki. Akanitazama kama mwenye neno jingine. Mumewe akakohoa. Mama akalegeza kanga, akampa mtoto ziwa.

Ijumaa niliingia zamu saa moja asubuhi. Kabla sijavua viatu vya njiani, muuguzi wa usiku akanivuta mkono hadi kitanda cha binti. Alikuwa haamki kabisa. Anapumua kwa vituo, na kila kituo kinarefuka. Daktari alikuwa ameshafika, amekunja mikono ya shati, anampa oksijeni. Nikageuka kumwangalia yule mdogo pale pembeni kwa mama yake. Alikuwa amelala na chuchu mdomoni, hanyonyi. Nilimfinya unyayo. Akakunja uso taratibu, akaendelea kulala.

Nilimfinya tena, kwa nguvu zaidi.

Saa tatu binti akafariki. Mama yake hakulia kwa sauti. Alijifunika kanga usoni akabaki hivyo. Baba alisimama dirishani. Daktari alimwendea, akampa pole, halafu akamuuliza tena, kwa upole, walikula nini. Yule baba, mwanawe amelala pale chini ya shuka, akajibu, "Muhogo."

Wakati huohuo mtu wa maabara aliingia wodini. Nalikumbuka hilo kwa sababu hakuwa na desturi ya kuingia. Alikuwa kijana wa Bukoba, mkimya, na karatasi alikuwa nazo mkononi mwenyewe.

"Nimeangalia damu zao mara mbili," alimwambia daktari. "Hakuna malaria hata kwa mmoja. Na huyu mdogo mnasema naye anasinzia? Amekula nini?"

"Hajala kitu," nikasema. "Ananyonya tu."

"Basi muhogo umemfikiaje?"

Mlangoni kukasikika watu: wawili wengine wameletwa kutoka kijiji kilekile, mzee na mwanamke, wanatapika, midomo inawawaka.

Bibi alikuwa anafuta sakafu karibu na kitanda cha yule mzee. Nilimwona ameinama, anamwangalia mdomoni mzee alipokuwa akipiga mwayo. Aliacha dekio palepale, akanipita, akaniambia kwa sauti ya chini nimfuate stoo ya mashuka. Nilimfuata. Akafunga mlango.

"Mwanangu, huu si muhogo," alisema. "Umeziona ndimi zao? Nyeupe, zimechanikachanika. Huyo ni ng'amba."

Ng'amba ni yule kasa mwenye gamba la mapambo. Nyama yake mara nyingi haimdhuru mtu, alinieleza, ila yuko mmoja mmoja mwenye sumu, na kwa macho humjui. Watu wa zamani walimtupia kunguru ini kwanza. Kunguru akilikataa, mnyama wote anafukiwa.

"Umejua tangu lini?"

"Jana nilihisi. Leo nimejua."

"Na ukanyamaza?"

Hakukasirika. "Nani aliniuliza? Na nikisema, askari watakwenda kuwafunga wale. Mzee aliyeletwa sasa hivi ni mtoto wa mjomba wangu. Nimenyamaza, na yule binti amekufa. Usidhani sijui nilichofanya."

Nilimuuliza lile nililokuwa naliogopa. "Bibi, na mtoto anayenyonya?"

"Hao ndio hutangulia," alisema. "Sumu yake hupita kwenye ziwa. Mama anapona, mtoto anakwenda."

Nilimshika Bibi mkono, tukaenda moja kwa moja ofisini kwa daktari bila kubisha hodi.

Daktari alisikiliza mwanzo tu wa maneno yangu, akanyanyua mkono ninyamaze. Akavuta kiti cha wagonjwa. "Bibi, kaa. Nieleze wewe." Bibi alijifuta mikono kwenye gauni la kazi, akakaa. Alieleza yote: midomo, ndimi, usingizi, siku ngapi mtu huchukua, nani hupona. Daktari aliandika. Aliuliza kama kuna dawa.

"Dawa hatukuwa nayo. Tuliwanywesha maji na kuwazuia wasilale. Wenye bahati walipona."

Daktari akaweka kalamu chini. "Nani amemruhusu yule mama kunyonyesha?"

"Mimi," nikasema. "Tangu jana. Aliniuliza mara mbili."

"Nenda kamwondoe ziwani," alisema. "Hayo mengine tutayazungumza baadaye."

Mama alikataa. Alimkumbatia mtoto kwa mikono miwili, na mtoto kichwa kimelegea. "Jana wewe mwenyewe umeniambia nimnyonyeshe. Leo mmoja amekufa, unataka kuninyang'anya na huyu?"

"Nilikosea," nikamwambia. "Sikujua. Maziwa yako yana sumu ya nyama mliyokula. Najua sasa ni nyama gani."

Mumewe akageuka kutoka dirishani. Mama akamtazama, kisha akanitazama mimi.

"Nilikuuliza ili na wewe uniulize kwa nini," alisema. "Hukuniuliza."

Alimwachia mtoto. Nilimchukua. Alikuwa mzito kama wanavyokuwa wazito watoto waliolala.

Ndipo baba akasema. Alisema akiwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Ng'amba alinasa kwenye jarife lake, wavu wa kutega, Jumanne. Alimkuta ameshakufa maji, akaona ni hasara kumtupa. Nyama iligawiwa nyumba saba. Katika nyumba hizo kulikuwa na mama mwingine aliyejifungua mwezi uliopita.

"Wamekula wote?"

"Wote. Na nyingine wameikausha."

Daktari alikuwa amesimama nyuma yangu na alikuwa amesikia. Kufika Juani kwa mashua ya kawaida, na upepo ule, ingekuwa jioni, na maji yalikuwa yanaanza kupwa. Yakishakauka ghubani hakuna chombo kinachofika karibu. Boti ya haraka ilikuwa moja tu, ya hifadhi.

"Mkimpeleka askari kule, hamtamkuta mtu," alisema baba. "Watakimbilia kwenye magofu ya Kua wajifiche. Hata wagonjwa watakimbia."

Daktari alipiga simu hata hivyo. Hakukuwa na njia nyingine. Mkuu wa doria alikuja mwenyewe, mwanamume mrefu, sare imenyooka, na tukakutana naye kwenye veranda: daktari, mimi, Bibi, mtu wa maabara, na bwana afya aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi Baleni na vumbi lake na kipande cha muhogo kwenye mfuko wa plastiki.

"Boti nitatoa," alisema mkuu wa doria. "Lakini siwezi kuahidi kutoona nitakachokiona. Nimekula kiapo."

"Mtoto wa mwezi mmoja ananyonya sumu hivi tunavyoongea," daktari alisema.

"Nimekuelewa, daktari. Na mimi nakwambia kazi yangu."

Walianza kuvutana, hawa wakubwa wawili, kuhusu barua na vibali na nani atawajibika kwa nani. Bwana afya akaingilia, naye sauti ikapanda. Bibi alisimama kati yao. Alikuwa mfupi, ilibidi anyanyue uso kumtazama mkuu wa doria.

"Baba, una mtoto?"

"Ninao, mama."

"Vua hilo shati. Ukishuka bila shati hilo, wewe ni nahodha wa boti tu. Mambo ya ng'amba utarudi kuyauliza siku nyingine, watu wakiwa hai wa kukujibu."

Nilidhani atamfokea. Badala yake akafungua vifungo, akabaki na fulana nyeupe ya ndani, akamkabidhi dereva wake shati. "Twendeni," alisema. "Maji hayatungoji."

Tulikwenda sisi wanne, yeye, Bibi, bwana afya na mimi. Yule mdogo nilimwacha mikononi mwa daktari na mtu wa maabara. Njia ya Utende ilikuwa mbovu wakati ule na kila shimo nililihesabu kama pumzi ya mtoto. Kwenye boti niliuma kanga kwa kuogopa maji. Maji yalikuwa yameshapungua. Mchanga ulionekana chini yetu, na mara mbili injini zilinyanyuliwa tukasukuma kwa upondo. Mita kama mia mbili kabla ya ufuko boti ikagota. Tulishuka tukatembea, maji magotini, mimi na boksi la dripu kichwani.

Kijiji kilikuwa kimya. Mlio wa boti ulikuwa umeshafika kabla yetu. Milango imefungwa, jiko moja linatoa moshi bila mtu. Wanaume walikuwa ndiyo wanatoka kwenye sala ya Ijumaa, na walipotuona walisimama wote mlangoni mwa msikiti, hawaji wala hawaendi. Bwana afya aliamkia, wakaitikia. Akaanza kueleza kwa maneno ya ofisini. Hakuna aliyesogea.

Bibi hakuwaendea wanaume. Alipita katikati ya nyumba, akipiga hodi kwa kutaja nyumba ya nani, binti wa nani, mjukuu wa nani. Alisema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo wodini. Alisema binti wa fulani amefariki asubuhi hii, na kwamba yeye alijua na alinyamaza, na hatanyamaza tena. Alisema mwenye mtoto wa kunyonya amwondoe ziwani sasa hivi, hata kabla ya kufungua mlango.

Tulisimama. Kuku walipita. Nilimtazama mkuu wa doria na fulana yake. Alikuwa ameangalia chini, kwenye mchanga.

Mlango mmoja ukafunguliwa. Msichana akatoka na kichanga, kanga imelowa maziwa kifuani. "Ananyonya tangu alfajiri," alisema, "lakini sasa anakataa kuamka." Nilikimbia. Nyuma yangu nikasikia mlango mwingine, na mwingine.

Tuliwapakia waliozidiwa, mama na kichanga chake kwanza. Boti ilikuwa mbali majini, na waliowabeba wagonjwa hadi pale ni walewale wanaume wa mlangoni mwa msikiti. Mkuu wa doria alimbeba ajuza mmoja mgongoni. Walimtambua, bila shaka. Walimpisha apite.

Hospitalini nilikuta mambo yamepinduka. Mfamasia wetu alikuwa amefunga dirisha lake la dawa, akazunguka maduka hadi Miburani kutafuta maziwa ya kopo, na alikuwa amesaga mkaa wa dawa, ule wa kunyonya sumu tumboni, kwa kinu kwa sababu uliobaki ulikuwa wa vidonge. Mtu wa maabara alikuwa amekaa kitandani, koti limetapikiwa, mtoto mapajani mwake, mpira wa kulishia umeshapitishwa puani. Kila mtoto alipochelewa kuvuta pumzi alimkuna unyayo kwa kucha.

"Akivuka sekunde kumi namkuna," aliniambia. "Amenitisha mara nne."

Tuligawana zamu. Kila mtoto alikuwa na mtu wake wa kumhesabia pumzi, na haikujali huyo mtu ana cheo gani. Bwana afya alimhesabia kichanga. Bibi aliwakamua akina mama maziwa na kuyamwaga, na kila alipomkamua mmoja alimwambia yatarudi, yatarudi safi, usiache kukamua. Daktari alikwenda kitanda hadi kitanda na jambo la kwanza kila alipofika lilikuwa kumuuliza aliyekaa pale: umeona nini?

Mzee, yule ndugu yake Bibi, alifariki Jumamosi adhuhuri. Bibi alimfumba macho, akaomba ruhusa ya nusu saa, akarudi. Kichanga kililia Jumamosi alasiri. Yule wangu wa miezi saba hakulia hadi Jumapili asubuhi, nikiwa nimekata tamaa kimoyomoyo na naona haya kukata tamaa. Alianza kwa kukunja uso, akafungua mdomo, sauti haikutoka, halafu ikatoka. Mama yake alikuwa akikamua. Alisimama na kikombe mkononi, maziwa yakamwagikia miguuni.

Wengine wote walipona, wengine kwa wiki, wengine kwa zaidi.

Daktari alitaka ripoti. Niliandika mwenyewe sehemu ya wodi, na nikaandika kwamba muuguzi wa zamu alimshauri mama aendelee kunyonyesha bila kuuliza kwa nini anauliza. Daktari aliisoma, akachukua kalamu akitaka kulikata neno lile. "Mwongozo ndivyo unavyosema," alisema. "Hukuvunja kitu." Mtu wa maabara, ambaye sasa alikuwa na tabia ya kuingia, alisema, "Liache, daktari. Atakayekuja baada yetu atalihitaji." Lilibaki. Kuna siku nashukuru, na kuna siku nimetamani lingekatwa.

Mkuu wa doria alirudi kijijini wiki zilizofuata, safari hii na sare, pamoja na bwana afya na Bibi. Alisema mbele ya watu kwamba sheria iko palepale, ila anayeumwa kwa kasa aje hospitali na hataulizwa jina na askari. Gamba lilitolewa likafukiwa. Kama alipata matatizo na wakubwa wake kwa ajili ya hilo, hakutueleza.

Baada ya arobaini ya binti, baba yake alikuja hospitali na madafu kwenye gunia. Alikaa kwenye benchi la nje, akaagiza mtu atuite. Hakuingia wodini. Tulitoka sisi, daktari, Bibi, mtu wa maabara, mfamasia na mimi, tukasimama kwenye jua la saa nne. Alitukatia dafu mmoja mmoja, kwa panga, bila haraka, akaanza na Bibi.